Dawa ya Asubuhi, Dawa ya Usiku

Dokta Methusela hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na siku ile pia hakuipandisha. Alimvuta Inspekta Lusia pembeni ya mlango wa wodi, akamwambia kwa upole ule ule anaotumia kuwapa watu habari mbaya kwamba mgonjwa wake, Kabula, hakunywa dawa ya kuua wadudu. Au kama aliinywa, basi ni aina ambayo yeye, pamoja na kutibu wakulima wa Katavi miaka yote hii, hajapata kuiona ikifanya kazi namna hiyo.

"Wewe ndiye uliyeniambia sumu ya shambani," alisema. "Na mimi nikaandaa sindano ya sumu ya shambani."

Lusia akauliza kwani ubaya uko wapi. Daktari akamweleza kama anayemfundisha mwanafunzi. Aliyekunywa sumu ile mboni za macho zinabana zikawa vitobo, mate yanamchuruzika, jasho linamlowesha. Kabula mboni zake zilikuwa zimefunguka wazi, mdomo mkavu, ngozi kavu tena ya moto, moyo unakwenda mbio na kuruka mapigo. Tangu jana jioni hakuwa ameamka, alikuwa akiweweseka tu. Kila dalili ilikuwa imekaa kinyume. Na ile sindano, kama ingeingia kwa mtu wa hali hii, ingemwongezea yale yale yanayomuua.

"Nusura nimchome. Sasa niletee alichomeza, usiniletee unachodhani amemeza. Na usichelewe, maana moyo ule hautanisubiri."

Lusia alitikisa kichwa kukubali, akashindwa kumtazama machoni. Maana neno "sumu" lilikuwa limetoka kinywani mwake yeye, hakuna mwingine, na alilitoa kwa uhakika wa mtu aliyemaliza kazi.

Na kweli alidhani amemaliza. Kesi ilikuwa imejipanga vizuri mno. Kule Kabungu, mke wa mfugaji Malale amekunywa uji, na kabla jua halijazama amezimia. Uji huo ameletewa mkononi na jirani, Scolastica, ambaye kijiji kizima humwita Mama Yohani, mjane mwenye shamba la mahindi linalopakana na njia ya ng'ombe. Ng'ombe wa Malale wamekwishaingia shambani humo mara mbili msimu huu. Mwezi uliopita Mama Yohani alisimama kwenye ofisi ya kata, mbele ya watu, akawaambia wafugaji, "Iko siku mtalia nyie." Asubuhi hii Lusia alipopekua ghala lake alikuta chupa ya dawa ya viwavijeshi, nusu imetumika. Unataka nini tena? Akamkamata.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo Lusia hakumwambia mtu. Yeye mwenyewe ni mtoto wa wakulima wa Mwamkulu. Alimwona mama yake akilia juu ya mahindi yaliyokanyagwa, na anaijua hasira ile ilivyo chungu. Kwa hiyo aliposikia maneno ya Mama Yohani aliyaamini haraka, na kwa kuogopa asije akaambiwa anawabeba wakulima wenzake, akamshika kwa ukali zaidi ya ilivyohitajika. Yule mama alipofungua mdomo kueleza, Lusia alimwambia anyamaze mpaka aulizwe.

Sasa alishuka ngazi za hospitali akiwa na chupa ambayo haikuwa ushahidi wa chochote. Kila ghala la Kabungu lina chupa kama ile.

Kwenye benchi la korido alikaa Malale, kijana mrefu, viatu vyake vya raba vimejaa tope, kofia ameishika mapajani. Nje, upande wa pili wa ukuta, chini kabisa kwenye sakafu ya saruji, alikaa Esteria, mama mzazi wa Kabula. Mvua ilikuwa inanyunya na benchi lilikuwa na nafasi, lakini bibi huyu hakusogea. Malale alipoinuka kwenda kunywa maji, Esteria alivuta khanga akajifunika uso, akageukia ukutani mpaka kijana apite. Lusia alimwona akifanya hivyo jana, na alishaliweka hilo kichwani: mama huyu anamwogopa mkwewe. Labda anajua kitu.

Akapanda gari, akamwambia dereva wake, Koplo Wiliam, warudi kituoni.

Mama Yohani alikuwa amekaa mahabusu peku, miguu ameikunjia chini ya kitenge. Lusia aliingia mwenyewe, akavuta ndoo akaigeuza na kuikalia. Akamwamkia. Mama Yohani akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayelipa deni asilolitambua.

"Mama, nieleze upya. Ule uji uliupika wewe?"

"Asubuhi nilikuwa nakuambia, ukanifunga mdomo."

"Ni kweli. Niambie sasa."

Akaeleza. Jana Jumapili hakwenda kwa Malale kupeleka uji, uji wa nini na ng'ombe wake wamemmaliza? Alikwenda kugomba. Alikwenda mchana kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha na alijua Malale hatakuwa machungani, atamkuta nyumbani amweleze lake. Kufika uani akamkuta Esteria amesimama mlango wa jiko, bakuli mkononi, anaangalia nyumba kubwa kama mtu aliyefungiwa nje. Esteria akamsihi. Mwanangu yuko ndani hajatia kitu tumboni, hataki kutoka, na mimi siwezi kuingia, nipelekee wewe. Basi Mama Yohani, na hasira zake zote, akapokea bakuli.

"Kwa nini hakuweza kuingia?" Lusia aliuliza, na hapo hapo, kabla hajajibiwa, jibu lilimjia.

Mama Yohani alimshangaa. "Si mkwewe alikuwa ndani? Angepitaje?"

Lusia alijishika paji la uso. Amekua na Wasukuma jirani, ameyaona haya tangu ananyonya vidole. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai mahali pamoja, hawatazamani, hawasemezani ana kwa ana, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Ni heshima, na wenyewe wanaishika kweli kweli. Yale ya kujifunika khanga pale hospitali hayakuwa woga hata kidogo. Mtoto wa Mwamkulu kabisa, na ameshindwa kuliona hilo kwa sababu alikuwa anatafuta mhalifu.

"Kuna kingine," Mama Yohani alisema, na kwa mara ya kwanza macho yake yakashuka. "Niliuonja. Pale pale uani, kuona kama umetiwa sukari. Ulikuwa mchungu. Nikasema moyoni, hawa Wasukuma na mapishi yao. Nikampa, akanywa wote. Ningemwambia tu yule mama kwamba uji wako mchungu, labda tusingekuwa hapa."

Lusia alitoka mle akiwa na mambo mawili ambayo asubuhi hakuwa nayo: uji ulipikwa na Esteria, na ndani yake kulikuwa na kitu kichungu. Alirudi hospitali, akachuchumaa mbele ya bibi pale sakafuni, akamuuliza ametia nini kwenye uji. Esteria akasema uji ni uji, mwanangu. Akauliza mara ya pili. Jibu likawa lile lile, ila mkono wa bibi ulikwenda kwenye pindo la khanga ukalishika kwa nguvu. Dirisha la korido lilikuwa wazi juu yao, na upande wa pili wa dirisha Malale alikuwa amekaa anasikia kila neno. Lusia aliuona ule mkono, lakini akaupa maana ya uchungu wa mzazi tu.

Basi akamchukua Malale wakapekue nyumba yake.

Barabara ya Kabungu ilikuwa tope tupu na Wiliam aliendesha akiongea na usukani. Karibu na kwa Malale walipita shamba la Mama Yohani. Ng'ombe walikuwa wamejaa ndani yake. Wamesimama katikati ya mahindi yaliyoanza kubeba, wanatafuna bila haraka, na hakuna mtu wa kuwafukuza, kwa sababu wa kuwafukuza yuko mahabusu. Malale alisema kwa aibu kwamba wadogo zake ndio walioachiwa mifugo, watakuwa wamekasirika. Lusia alimwamuru Wiliam asimamishe gari, wakashuka wote watatu wakaswaga ng'ombe nje, suruali zikalowa mpaka magotini. Zaidi ya nusu ya shamba ilikuwa imelala chini.

Kaya ya Malale ilikuwa na nyumba kubwa ya bati, zizi, na jiko lililojitenga la nyasi alikolala Esteria. Lusia alianza na jiko. Akaonja unga, akanusa sukari na chumvi, akamwaga majivu. Hakupata kitu. Akaingia nyumba kubwa, na humo akafanya anachofanya siku zote: aliacha kuangalia vitu, akamwangalia mwenye nyumba. Malale alifuata mikono yake kila ilipokwenda, kwenye sanduku, chini ya kitanda, kwenye begi la nguo. Ilipokaribia boriti ya ukutani, Malale akaangalia mlangoni.

Juu ya boriti kulikuwa na kopo la dawa ya kuongeza damu, zile wanazopewa wajawazito kliniki. Lusia alilitikisa, akalifungua. Dawa ya damu anaijua, ni vidonge vyekundu au vya kahawia. Humu kulikuwa na vidonge vya gamba, vya rangi mbili, kama vile vya kutibu kifua.

"Hii si dawa ya damu, Malale."

Malale alikaa chini kwenye ukingo wa kitanda. Alikaa kwanza, kisha ndipo akasema, na aliposema alisema yote.

Tangu wamzike mtoto wao wa kwanza, Kabula alikuwa amenyamaza. Hapiki, hali, usiku macho, mchana anaangalia ukuta. Watu wakasema atazoea. Malale aliona hazoei. Akampakia kwenye pikipiki, na Mpanda hakupataka, kila mtu Mpanda anamjua. Akaenda naye mbali, upande wa Sumbawanga, kwenye hospitali ambako hakuna wa kumtambua, na hata jina la mke wake akatoa lile la ubatizo ambalo halitumiki. Kule wakamwambia mkewe ana sonona. Ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine, wakasema, na una dawa. Wakampa hizi, kimoja asubuhi baada ya kula, na wakamuonya kwamba zinachukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, asikate tamaa. Asiziache ghafla hata akijisikia mzima. Asichanganye na dawa nyingine bila kuuliza, na kila anayemuuguza ajue anatumia nini.

"Hilo la mwisho sikulifanya," alisema. "Ndugu zangu wangesikia dawa za akili, wangesema nimeoa kichaa. Wangesema mrudishe kwao, ng'ombe zetu zirudi. Nikazitia kwenye kopo la ujauzito wake. Nikawaambia wote ni dawa ya damu."

"Na mama yake?"

"Huyo alikuja baada ya sisi kurudi, kumuuguza mwanawe. Aliambiwa hivyo hivyo, damu."

"Hukumwambia ukweli hata yeye?"

Malale alimtazama kama aliyeulizwa kwa nini harukii mwezini. "Ningemwambiaje, afande? Yule ni mkwe wangu. Tukiwa na neno, mimi namwambia Kabula, Kabula anamwambia mayu, mama yake, mayu akijibu Kabula ananiletea. Mdomo wetu sisi wawili alikuwa yeye. Na yeye ndiye aliyenyamaza."

Lusia alipiga picha zile dawa, akatembea mpaka juu ya kichuguu nyuma ya zizi ambako simu inashika, akamtumia Dokta Methusela. Daktari akapiga hapo hapo. Alizitambua. Akauliza zimebaki kiasi gani, na Lusia, aliyekwishazilinganisha na siku alizotaja Malale, akasema zinakwenda sawa, hajazidisha. Basi si hizi peke yake, daktari akasema. Hizi zikinywewa inavyotakiwa hazimlazi mtu hivi. Lakini kuna dawa zisizopatana nazo, na mojawapo ni aina nyingine ya dawa za sonona, za zamani kidogo. Hizi zinaizuia ile isitoke mwilini, inajirundika, inafika kwenye moyo. Mboni, ukavu wa mdomo, mapigo, vyote vinaingia hapo. "Ipo dawa ya pili," akasema. "Itafute. Nani mwingine anampa dawa?"

Lusia alibaki ameshika simu iliyokatika. Akili yake ikarudi kwenye ile saruji ya hospitali, kwenye mkono wa kibibi uliolishika pindo la khanga kama mtu aliyeshika nauli yake sokoni. Na dirisha wazi juu yake, na mkwe anasikia. Angemuuliza mahali pengine, angejibiwa muda ule ule. Amezunguka mpaka Kabungu kutafuta kitu alichokuwa amekichuchumalia kabla hajaondoka hospitali.

Wiliam aliendesha gari mbio kurudi hospitali, na Lusia hakumwambia apunguze.

Njiani Lusia aliipanga nyumba ile kichwani, nani anaingia saa ngapi na kutoka kwa mlango gani. Alfajiri Malale anampa mkewe kidonge, anafungulia ng'ombe anaondoka. Akishapotea, Esteria anatoka jikoni, anaingia nyumba kubwa kumwogesha mwanawe. Jioni Malale akirudi, Esteria anatoka, na usiku Kabula ndiye anayekwenda jikoni kwa mama yake. Watu wawili wanamuuguza mtu mmoja kwa zamu na hawajawahi kukutana mlangoni. Jumapili mvua ikavuruga zamu. Malale akabaki nyumbani, Kabula akakataa kutoka, na mama akabaki na bakuli lake uani.

Walipofika, alimkalisha Malale kwenye benchi lile lile chini ya dirisha, na yeye akaenda kusimama mlangoni, mahali ambapo anawaona wote wawili na wao hawaonani. Hapo akaifanya kazi ambayo Kabula alikuwa akiifanya.

"Mama, mkwe wako amenituma kwako. Anasema kwenye kopo la dawa ya damu hamna dawa ya damu. Mna dawa ya sonona, alipewa hospitali. Amekuwa akimpa Kabula kila asubuhi, akakuficha kwa sababu ya aibu. Anakuomba radhi. Na anakuuliza wewe ulikuwa unampa nini."

Malale hakuwa amemtuma maneno hayo ya radhi. Lakini alipoyasikia aliinamisha kichwa, hakuyakanusha.

Esteria akaliinua pindo la khanga, akalifungua fundo kwa meno. Ndani yake kulikuwa na bahasha ndogo ya dawa, ya plastiki, imekunjwa mara nyingi, na vidonge vidogo vya mviringo.

Alisema akiangalia saruji. Siku Malale alipokwenda mnadani, alimchukua mwanawe kwa pikipiki mpaka Kawajense, kwenye zahanati ya mtu binafsi. Mganga wa pale alikuwa mwema. Alimuuliza Kabula, Kabula hakujibu, akamgeukia mama: anatumia dawa nyingine yoyote? Mama akasema ya damu tu. Wakampa hizi, za usiku. Akazificha, maana angejuaje mkwewe atasemaje akisikia mkewe amepelekwa kwa daktari wa akili bila ruhusa yake? Siku zikapita, Kabula yuko vile vile, akazidi hata kusinzia ovyo na kulalamika mdomo kukauka.

"Nikaona kimoja ni kidogo," alisema. "Nikamwongezea. Na Jumapili alipokataa kuja, nikavisaga nikatia kwenye uji."

Lusia alikuwa amekwishampa Wiliam bahasha aikimbize ndani. Lakini alikuwa na swali moja, na hakuweza kuliacha.

"Gari letu lilipompitisha Mama Yohani hapa hospitali asubuhi, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukaona."

"Niliona, mwanangu. Nikanyamaza. Ningesema uji ni wangu, mngeuliza umetia nini. Na mkwe wangu amesimama pale pale. Nikajiambia wewe ni askari umesoma, utajua mwenyewe kwamba si yeye."

Lusia alitaka kumkemea. Neno lilikuja mpaka mdomoni, halafu akakumbuka ni nani aliyemwambia Mama Yohani anyamaze, akalimeza. Ndani ya korido Malale alikuwa amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatikisika. Esteria alimsikia. Alinyanyua kiganja akakiweka kwenye ukuta, usawa wa mahali alipokaa yule kijana, akakiacha hapo.

Dokta Methusela alipoiona bahasha alisema, "Haya, sasa namjua adui," akafunga mlango. Walimpigania Kabula mpaka asubuhi. Kulipopambazuka nesi alitoka akasema mgonjwa amefumbua macho, anaomba maji.

Mama Yohani alikuwa ameachiwa jioni ile ile. Lusia alimkabidhi ndala zake kwa mikono miwili, akamwomba msamaha wazi wazi bila kuzunguka. Mama Yohani alivaa ndala polepole. Akauliza binti yuko hai? Lusia akasema yuko hai, ila bado hali ni mbaya. Akauliza na shamba je? Lusia akamwambia alichokiona. Mama Yohani hakulia wala kutukana. Alikataa kupandishwa gari la polisi, akasema kuonekana ndani yake mara moja kumemtosha, akaondoka kwa miguu kutafuta pikipiki.

Kabula alikaa wodini mpaka moyo ulipotulia. Dawa zote zilisimamishwa kwanza chini ya uangalizi, na daktari wa afya ya akili alipomwona akaamua arudie moja tu, ile ya asubuhi. Siku ya kuruhusiwa Lusia alikwenda kuchukua maelezo ya mwisho. Malale alisimama ndani karibu na kitanda, Esteria nje ya dirisha, khanga kichwani. Dokta Methusela aliongea kwa sauti ya kuwatosha wote wawili. Dawa moja, daktari mmoja wa kuiandika. Akisahau leo, kesho asinywe mbili kufidia. Akijisikia vizuri, asiiache mwenyewe, arudi tumpunguzie taratibu. Akijisikia vibaya zaidi, au mawazo mabaya yakimjia, aje siku hiyo hiyo. Na popote atakapotibiwa, hata jino, ataje anachotumia kwa jina lake. Kisha akauliza ni nani atakayeshika dawa.

Malale akaangalia dirisha. Nje, Esteria akavuta khanga usoni.

Lusia aliinama kwa Kabula. Alikuwa amekonda, macho makubwa, lakini macho yalikuwa yanaona. Akamuuliza taratibu kama alijua kwamba ni dawa mbili.

"Nilijua," Kabula alisema. Ilikuwa mara ya kwanza Lusia kuisikia sauti yake. "Ningemwambia nani aache? Kila mmoja alikuwa ananiangalia mpaka nimeze."

Malale alitoka, akaenda korido. Kabula alimsubiri atoke, akaongeza neno moja. Dawa ashike Mama Yohani. Yeye anaingia jikoni na anaingia nyumba kubwa.

Hakukuwa na mtu mwingine wa kwenda kuomba jambo kama hilo. Lusia alikwenda bila sare, akaacha gari barabarani. Mama Yohani alikuwa shambani, anang'oa mabua yaliyokanyagwa na kupanda maharage palipobaki wazi. Ndugu wa Malale walikuwa wamekwisha kuja na ndama wa fidia. Alikuwa amefungwa kwenye kigingi pembeni, analia. Lusia alieleza alichotumwa, akamaliza, akabaki amesimama kwenye tuta.

Mama Yohani aliendelea kupanda. Alifika mwisho wa tuta, akanyoosha mgongo.

"Nikimpa dawa, na kesho yake akaumwa tumbo. Utakuja kunichukua tena?"

Lusia angeweza kusema hapana, na lingekuwa neno la bure, maana hata safari ile alikuja akiwa na uhakika. Akainama, akaokota mabua yaliyong'olewa, akayaweka kando ya tuta.

Mama Yohani alimwangalia. Kisha akachukua kidumu cha maji, akaosha mikono yake vizuri, mpaka kwenye kucha, akaikausha kwa kitenge.

"Ni ya asubuhi au ya usiku?" aliuliza.

"Ya asubuhi," Lusia alisema. "Kimoja, akishakula."